Neti inajisokota kwenye rola ya mpira jua likipanda: nianzie wapi?

Ndugu Mshauri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Nina mashine ya kufunga nyasi kavu kuwa marobota ya mviringo, ile ya mikanda inayovutwa na trekta. Kuokota nyasi haina shida, robota linakaza vizuri, mikanda inakwenda sawa. Inanitesa ikifika zamu ya neti tu, yaani wavu wa plastiki unaozungushiwa robota lisifumuke, na hata hapo si wakati wote. Asubuhi inafunga bila matatizo. Jua likishapanda na nyasi zikakauka kabisa, neti inagoma kuingia kwenye chemba, inajisokota kwenye rola ya mpira.

Nieleze inavyotokea, maana fundi wawili wamenijibu kabla sijamaliza kueleza. Robota likifikia ukubwa niliopanga, alamu inalia, nasimamisha trekta huku shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, ikiendelea kuzunguka. Rola ya mpira na ile ya chuma inayoikandamiza zinaanza kuisukuma neti. Mkia wa neti unatakiwa uteremke kwenye upenyo ulio mbele ya robota, nyasi ziudake, na kuanzia hapo robota lenyewe ndilo linavuta. Kwangu mkia hauteremki. Unang'ang'ania mpira, unapanda nao, unazunguka na kuingia tena, na ndani ya sekunde chache rola imevimba kama kidole kilichofungwa bandeji. Kibaya zaidi, kihesabio cha mashine hii kinasoma mizunguko ya rola, hakijui kama robota limepata neti au halikupata. Skrini inaniambia kazi imekwisha, kisu kinashuka, nafungua mlango wa nyuma, robota linatoka uchi na kufumuka palepale.

Tafadhali usinishauri nifunge asubuhi tu. Marobota ya mviringo hayataki nyasi zenye unyevu unaozidi asilimia 18 hivi. Zikizidi hapo zinapata joto ndani na kuota ukungu. Saa ambazo neti yangu inakubali ndizo saa ambazo umande bado uko kwenye nyasi. Nikiisikiliza mashine, nitakuwa nafunga ukungu.

Maelezo niliyopewa ni matatu, na kila moja lina ushahidi wake. Muuzaji wa neti anasema neti yake haina tatizo, mashine ndiyo mbovu. Sikutegemea aseme vingine. Upana wake ni uleule wa neti ya zamani, inatoka upande uleule wa bunda, na nimefuata mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko. Nilipolirudisha bunda la zamani lililobaki kidogo, tatizo lilipungua lakini halikwisha, kwa hiyo siwezi kumlaumu yeye peke yake.

Shemeji yangu, ambaye naye ana mashine kama hii, anasema ni umeme tuli. Neti ni plastiki, inasuguana na mpira katika hewa kavu, inajaa umeme na kugandia chochote kilicho karibu. Nadhani ana hoja. Mchana nikishazima injini na kufungua kifuniko, nyuzi zilizolegea pembeni zinasimama na kuufuata mkono wangu. Alinishauri niifute rola kwa maji na sabuni, niiache ikauke, kisha niipake poda ya watoto. Nilivyoifuta kitambaa kilitoka na utando wa kahawia, vumbi lililochanganyika na utomvu wa nyasi, na chini yake mpira unang'aa. Baada ya poda mashine ilifunga vizuri mchana kweupe. Ila poda ikiisha, tunarudi kulekule, na siwezi kushinda shambani napaka rola poda.

Fundi naye anataka ninunue rola mpya. Anaonyesha jinsi mpira ulivyoteleza na yale makovu ya wembe aliyoacha mwenye mashine wa kwanza alipokuwa akikata neti iliyojisokota. Makovu yapo, tena mengine ni marefu, na nimeshakuta uzi wa neti umenasa ndani yake. Lakini makovu hayo yapo asubuhi pia, na asubuhi mashine inafunga.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Nilichukua vipande viwili vya karatasi, kimoja upande wa kushoto na kimoja wa kulia, nikavibana kati ya rola mbili kisha nikavivuta. Cha kushoto kilikataa hadi kikachanika. Cha kulia kilitoka bila ubishi. Nikaenda kutazama mahali kisu kilipokatia neti mara ya mwisho. Kushoto pamekatika pamenyooka. Kulia pameachwa ndevu, nyuzi ndefu zenye urefu wa kiganja, nyingine zimevutika kabla ya kukatika. Na kila neti inapojisokota, nikiifungua naona imeanzia kulia.

Kwa hiyo mimi nashuku springi ya kulia inayoikandamiza rola ya chuma. Ikiwa imelegea, neti upande huo haishikwi sawasawa. Kisu nacho kinahitaji neti iliyokazwa ndipo kikate. Ikilegea, kinaisukuma badala ya kuikata na kuacha zile ndevu. Ndevu ndizo mkia wa kufungia robota linalofuata. Asubuhi, kukiwa na unyevu, zinaning'inia tu na kuteremka pamoja na neti. Mchana umeme tuli unazivuta kwenye mpira, makovu yanazinasa, na zikishapanda zinaivuta neti yote. Yaani shemeji hakosei na fundi hakosei sana, ila wote wanatazama mwisho wa mnyororo.

Fundi amecheka. Anasema springi haiwezi kuharibu kazi kiasi hicho, na kwamba kisu kikinolewa kitakata hata neti iliyolegea. Springi haionekani kukatika, imefupika tu kidogo ukiilinganisha na mwenzake. Breki inayolizuia bunda la neti lisizunguke ovyo nimeikagua, inashika na kuachia sawa. Umeme unaofika kwenye mota ya neti nao nimeupima, hautofautiani asubuhi na mchana.

Niongeze kwamba kila ninapoikata neti iliyojisokota nazima PTO na injini, natoa ufunguo na kufunga komeo la mlango wa nyuma. Nimewaona watu wanaoingiza mkia wa neti kwa mkono shafti ikizunguka, na huo ushauri sitaupokea hata ukitoka kwa nani. Mabaki nayaokota yote, kwa sababu neti iliyobaki kwenye nyasi ng'ombe anaimeza na haimeng'enyeki tumboni.

Maswali yangu ni haya. Je, kuna njia ya kuipima nguvu ya springi hizo nje ya mashine, au nibadilishe zote mbili bila kujiuliza? Kisu kinolewe kwanza au springi kwanza, ili nijue ni kipi kilichotibu? Na yale makovu kwenye mpira, je, yanaweza kusuguliwa kwa msasa laini yakatulia, au nikifanya hivyo nitaipunguza rola unene na kuharibu mshiko wake upande wa kushoto ambao hadi sasa hauna tatizo?

Wako,
Msomaji mwenye nyasi zilizokwishakatwa