Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: tiba ya kunyamazisha jeni isitupite sisi wenye pumu

Mheshimiwa Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Naishi na pumu ya mzio, na nina ombi moja kwako. Shirika lako litangaze sasa, dawa zikiwa bado kwenye majaribio, sifa ambazo tiba ya pumu ya kunyamazisha jeni, yaani kuzuia jeni isizae protini yake, inapaswa kuwa nazo ili imfikie mgonjwa yeyote.

Takwimu zenu zinasema mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 na kuua 455,000, wengi wao katika nchi ambako hata inhela ya steroidi ni ya kutafuta kwa tochi.

Steroidi hutuliza uvimbe wa njia za hewa kwa jumla. Tiba ninayoizungumzia hulenga chanzo: hukamata ujumbe wa RNA, nakala ya maagizo ya jeni, ndani ya seli kabla haujazaa protini. Kwetu sisi, shabaha mojawapo ni GATA3, protini inayoziamuru seli za kinga kumwaga IL-4, IL-5 na IL-13, kemikali zinazowasha mzio. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya Ujerumani: wagonjwa walivuta kwa siku 28 dawa inayokata ujumbe wa GATA3, kisha wakavutishwa kitu kinachowaletea mzio. Kubana kwa kifua kunakokuja saa kadhaa baadaye kulipungua kwa asilimia 34 kukilinganishwa na kabla ya tiba, ilhali kwa waliopewa dawa bandia hakukupungua. Majaribio yalikuwa madogo, lakini kwangu hayo ni matumaini yenye ushahidi.

Kizuizi kikubwa ni mapafu yenyewe. Ini hupokea dawa za aina hii vizuri. Inclisiran ya kolesteroli, baada ya dozi za kuanzia, huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Kwenye mapafu dawa hukutana na ute, vimeng'enya vinavyoikatakata, na seli walinzi zinazoimeza. Ikivuka hapo, bado seli za T, zile seli za kinga zinazoamriwa na GATA3, ni ngumu kuingilika. Na mwenye pumu kali ndiye mwenye ute mwingi zaidi, yaani anayeihitaji zaidi ndiye ambaye ni vigumu zaidi kumfikishia.

Kwa hiyo maamuzi ya maabara ya leo ndiyo yatakayoamua nani atapona. Dawa inayodai jokofu muda wote, au mashine ya umeme ya kuivutia, imeshawaacha wengi kabla haijasajiliwa. Omalizumab, dawa ya pumu ambayo ni kingamwili dhidi ya IgE (protini ya damu inayochochea mzio), iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, na hadi leo bei yake inawafungia mlango wagonjwa wengi mno. Sitaki tuyaone hayo mara ya pili.

Waraka wa sifa ninaouomba utaje uhifadhi katika joto la kawaida, kifaa anachoweza kukitumia mtoto, na mpango wa bei kwa kila utafiti unaolipiwa na fedha za umma. Watoto nao waingizwe kwenye majaribio mara usalama kwa watu wazima utakapothibitika. Na utakapoita wataalamu kuuandika, tafadhali tuite na sisi wagonjwa, tangu kikao cha kwanza.

Wako kwa heshima,
Mgonjwa wa pumu