Barua isiyosema inaomba nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ninalokutana nalo mezani pangu kila siku. Mimi ni mama mwenye kibanda cha steshenari hapa Masasi, karibu na stendi. Nachapa barua na kutoa kopi. Wateja wangu ni makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, wenye maduka ya pembejeo, madalali wa ufuta na vikundi vya kina mama. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa mkulima kupeleka mazao ghalani na kupewa karatasi ya kuyathibitisha, ilipoingia kwenye korosho mwaka 2007, mkulima wa huku hawezi kukwepa karatasi, na barua isiyoeleweka inamtia hasara kama mikorosho iliyokosa dawa ya salfa.

Desemba iliyopita kijana mmoja aliniletea barua aliyoiandika kwa mkono. Ilianza hivi: “Kutokana na mvua zilizonyesha mfululizo ambazo zilisababisha barabara inayotoka kijijini kwetu kuharibika na kufanya lori lililokuwa limebeba magunia ya korosho ambayo tulipaswa kuyafikisha ghalani kukwama.” Nukta. Chini yake sahihi. Nikamuuliza, “Kwa hiyo, mwanangu?” Akanijibu, “Kwa hiyo tunaomba watuongezee siku tano, mama.”

Siku tano hazikuwamo. Mvua imo, barabara imo, lori limo, magunia yamo, ombi halimo. Waliofundishwa uchanganuzi wa sentensi sekondari wataona kosa mara moja: yote yale ni virai na vishazi tegemezi vinavyongoja kishazi kikuu, yaani kile chenye ujumbe wenyewe na kinachoweza kusimama peke yake, na kishazi kikuu hakikuja. Tukachapa upya: “Tunaomba mtuongezee siku tano za kufikisha korosho ghalani. Lori letu limekwama kwa sababu mvua imeharibu barabara.” Aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kweli inatosha.

Kijana yule anajua Kiswahili vizuri sana. Kwa mdomo alinieleza kila kitu kwa pumzi moja. Tatizo lilianza aliposhika kalamu, akaona lazima aandike kwa ile sauti ya “rejea kichwa cha habari tajwa hapo juu”. Wengi huniambia sentensi fupi ni utovu wa adabu kwa wakubwa. Sikubaliani nao. Adabu imo kwenye salamu, imo kwenye “tunaomba” na “tafadhali”. Kumchosha mkubwa kwa mistari minane kabla hajajua unataka nini, hapo sioni heshima yoyote.

Lakini lililonifanya niandike barua hii ni la kina mama wanaobangua korosho, na linaniuma kwa sababu karatasi ile ilipita mikononi mwangu. Mnunuzi wa Dar es Salaam aliwaandikia: “Tutanunua kilo 60 kwa bei tuliyokubaliana zitakapofika Dar es Salaam zikiwa nzima.” Wakanisomea, tukafurahi pamoja, nikawachapia jibu la kukubali. Mzigo ukapanda basi: Mnazi Mmoja ya Lindi, Nangurukuru, Somanga, safari ya kutwa nzima yenye kutikiswa. Ulipofunguliwa, kilo 19 zilikuwa vipande. Wakalipwa 41. Hizo nyingine hawakuwa hata na fedha ya kuzirudisha nyumbani. Wakaja kuniuliza: imeandikwa wapi kwamba vipande havilipwi?

Imeandikwa mwishoni. “Zikiwa nzima.” Kishazi kikuu, “tutanunua kilo 60”, ndicho kilichoingia masikioni mwetu. “Zitakapofika” tukalichukua kuwa ni suala la wakati tu, maana -po- hiyo inasema lini, haisemi kama. Sharti lote la biashara lilikuwa limebebwa na hiyo -ki- ndogo ya mwisho, tena limefungwa kwenye kufika, si kwenye kuondoka. Kina mama walikuwa wamezichagua nzima hapa Masasi, punje kwa punje, wakaamini wametimiza. Mnunuzi hakuwadanganya, ila sharti zito namna ile lilistahili sentensi yake lenyewe: “Tutakagua mzigo Dar es Salaam. Tutalipia nzima tu. Vipande ni hasara yenu.” Maneno makali, lakini hakuna mama ambaye asingeyaona, na huenda wangeomba ukaguzi ufanyike huku huku.

Kuna na “ambayo”. Mzee mmoja aliandika ofisini kwamba anaomba kuhudumiwa bila “nakala ya hati ambayo imepotea”. Kilichopotea ni nakala. Hati yenyewe ipo salama sandukuni kwake. Karani akaelewa hati imepotea, akamtaka alete taarifa ya polisi. Nakala na hati ni ngeli moja, kwa hiyo “ambayo imepotea” inaweza kukaa kwenye lolote kati ya hayo mawili. Wakati mwingine kitenzi hutuokoa: “orodha ya malipo ambayo haijahakikiwa” ni orodha, “ambayo hayajahakikiwa” ni malipo. Kwenye nakala na hati hakuna wa kutuokoa. Ni kukata tu: “Hati ninayo. Nakala yake imepotea.”

Nisieleweke kwamba nataka vishazi tegemezi vifutwe. Vikiwekwa mahali pake vina kazi kubwa. Msafirishaji aliyeandika “Ingawa tumelipa fidia, mzigo ulichelewa” alimwachia mteja neno la kuchelewa. Nilimgeuzia: “Ingawa mzigo ulichelewa, tumelipa fidia.” Maneno ni yale yale, lakini sasa fidia ndiyo imekaa kwenye kishazi kikuu, na ndicho mteja anachobaki nacho.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako litenge kisehemu kidogo, hata mara moja kwa mwezi, ichapishwe barua halisi ya biashara, majina yakiwa yamefutwa, na mwalimu wa Kiswahili aonyeshe kishazi kikuu kiko wapi na sharti limejificha wapi. Ingefaa kianze kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza. Barua za mfano ninazo, na wenyewe wameniruhusu. Ya kina mama wale imo. Wamesema ichapwe yote, pamoja na jibu nililowachapia mimi.

Wako,
Mpiga chapa,
Masasi, Mtwara