Risala ya Chama cha Mazingira kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kupanda Mikoko, Lamu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi, wazee wa mtaa na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum. Karibu sana Lamu, na ahsante kwa kukubali kuingia matopeni pamoja nasi.

Mheshimiwa, zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii. Hilo tulilisoma zamani, tukalijibu vizuri kwenye mitihani, na bado chupa za plastiki tulizitupa ufuoni.

Tulibadilika tulipoanza kwenda mikokoni maji yakishakupwa, tukiongozwa na wavuvi na wazee wakata boriti. Wao ndio waliotufundisha kutofautisha aina za miti ya mikokoni: mkoko wenyewe na mchu, muia na mkandaa. Walituonyesha mbegu ya mkoko inavyochipua ikiwa bado inaning'inia mtini, ikianguka iwe tayari kushika tope. Tuliona kamba na vitoto vya samaki vimejificha mizizini, tukaelewa kwa nini mvuvi huumia mti ukikatwa ovyo. Siku hizi anayetupa taka ufuoni hukanywa na wenzake, hata mwalimu asipokuwapo.

Wengine wameyaona haya mbali na hapa. Mwaka 2004 Stephan Mayer na Cynthia Frantz, wa Chuo cha Oberlin nchini Marekani, walitunga kipimo cha jinsi mtu anavyojihisi kuwa sehemu ya maumbile, wakakuta wenye hisia hiyo zaidi ndio pia wenye mwenendo wa kuyatunza. Mwaka 2006 Nancy Wells na Kristi Lekies walichapisha utafiti kuhusu Wamarekani wapatao 2,000 wa mijini: waliotembea porini, kupiga kambi au kuvua samaki kabla ya miaka 11 walielekea kuyajali mazingira ukubwani. Hatuyadharau masomo ya darasani, la hasha, lakini mtoto wa Lamu asiyeijua mikoko kwa miguu yake anadhulumiwa.

Kwa hivyo tuna maombi. Tunaomba jaketi za kujiokolea, maana wazazi wengi, hasa wa wasichana, huwazuia watoto kwa hofu ya bahari, na hofu hiyo ni ya haki. Tunaomba mashua ya kukodi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, na posho kwa wazee wanaotufundisha, kwani wanaacha kazi zao kwa ajili yetu.

Miche iko tayari na maji yameanza kutoka. Tunaomba kuwasilisha.