Barua kwa mwanangu: lile jagi la maji

Mwanangu Idrisa,

Assalaam aleykum. Jana simu yako niliisikia vizuri, ingawa makontena yalikuwa yakigongana nyuma yako. Ukasema, "Baba, zamu ya usiku ndiyo yangu. Saa nane wenzangu wanasinzia, mimi ndiyo kwanza nachangamka." Ukacheka. Mimi nilikumbuka lile jagi.

Najua hujalisahau. Ulikuwa kidato cha pili, Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Nilikuita mara tatu. Ya nne nikaja na jagi la maji ya mtungi, nikakumwagia kichwani. Mama yako alilianika godoro uani mpaka adhuhuri, majirani wakadhani bado unakojoa kitandani. Nikakuita pono mbele ya wadogo zako. Na Jumatatu yake nikaingia darasani kufundisha baiolojia, mada ya urithi. Eti.

Kosa langu lilianzia kwa bibi yako. Tangu nipate akili mama anaamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu. Anasali, anawasha jiko, na adhana ya alfajiri inamkuta sinia la kwanza la vitumbua limejaa. Saa mbili usiku keshasinzia na tasbihi mkononi. Mimi nimefuata nyayo zake, basi nikadhani huo ndio ubinadamu wenyewe, na asiyeuweza ana kasoro ya tabia.

Baadaye sana nikasoma habari za Wahadzabe, wale wawindaji wa hapa hapa nchini Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Utafiti ulichapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivaa mkononi kifaa mfano wa saa, kinachoonyesha nani kalala na nani anajigeuzageuza, kwa siku 20. Kambini hakuna umeme, wala hakuna aliyepangiwa zamu ya ulinzi. Zilipojumlishwa saa zilizochunguzwa, 220 na ushei, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Dakika 18 tu! Kwa kawaida, wakati wowote kulikuwa na watu kama wanane walio macho au usingizi wao mwepesi. Na umri ulikuwa na mkono wake: wazee walitangulia kulala na kuamka, vijana wakafuatia.

Watafiti wanadhani mchanganyiko huo umetulinda tangu zamani. Kambi yenye kijana asiyelala mapema na bibi asiyelala sana haikosi jicho la kumwona simba. Ni dhana, siwezi kukuapia, maana ya kale hayana shahidi. Ila nilipoipigia hesabu nyumba yetu ya Mbagala nilicheka peke yangu: wewe ulikuwa ukilala saa nane, bibi akiamka saa tisa. Kibaka alikuwa na saa moja tu ya kufanya kazi yake.

Kwamba saa hii ya mwili, inayotuambia lini tulale na lini tuamke, imo kwenye jeni, yaani vinasaba tunavyorithi, si jambo la kubahatisha. Mwaka 1971, Marekani, wanasayansi Konopka na Benzer walipata vinzi, hivi vinavyozunguka ndizi mbivu, ambavyo siku yao ilikuwa imeharibika: vingine vilikwenda kwa mzunguko wa saa 19, vingine 28, vingine havikuwa na mpangilio wowote. Chanzo kilikuwa jeni moja. Walioendeleza kazi hiyo, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kwa binadamu mambo hayako mepesi hivyo. Mwaka 2019 watafiti walipolinganisha watu karibu 700,000, walipata sehemu 351 za vinasaba zinazohusiana na mtu kuwa wa alfajiri au wa usiku, kila moja ikisukuma kidogo tu. Kwa hiyo nikisema umerithi, usitafute jeni moja ya kuilaumu. Angalia ukoo wa mama yako. Mjomba wako naye mchana hana mpango, lakini usiku yuko baharini na karabai, anavua dagaa, na alfajiri Feri nzima inamngoja. Sijawahi kusikia mtu akimwita mvivu. Damu ni ile ile. Yeye alipata bahari, wewe ukapata kengele ya shule.

Tena katika umri ule ule ambao mwili wa kijana huchelewesha homoni ya usingizi, tulikuwa tunakutoa ndani gizani ukagombee daladala, na makonda walivyo wagumu kuchukua wanafunzi. Ulikuwa unalala umesimama.

Lakini nisikupambe mno, maana jeni si wakili. Unakumbuka ule mgao wa umeme, simu zote zimekufa chaji na hata vigodoro vya mtaa wa pili vimenyamaza? Saa tatu na nusu ulikuwa unakoroma, na asubuhi ukaamka mwenyewe. Nilidhani umetubu. Kumbe mwaka 2013 huko Colorado, Marekani, watu wanane walipelekwa kulala kwenye mahema wiki nzima, mwanga wao ukiwa jua na moto wa kuni tu. Saa zao za mwili zikawahi kwa muda wa kama saa mbili, na waliozidi kusogea ni wale wa usiku. Taa na simu zilikuwa zinakusukuma huko ulikokwisha elekea. Kwa hiyo sala ya alfajiri bado iko palepale, na simu unaweza kuizima kwa mkono wako mwenyewe.

Hata hiyo zamu usiichukulie poa. Ukitoka, jua linakupiga usoni na kuuambia mwili kumekucha. Weka pazia zito, na umwambie mwenye nyumba wako apunguze redio mchana.

Lile jagi lipo, mpini umekatika, mama yako analitumia kumwagilia mchicha. Nisamehe kwa maji yale, baba. Na ukipata nafasi zamuni, mpigie bibi yako saa tisa hiyo hiyo. Analalamika kwamba saa zile hana wa kuongea naye.

Baba yako