Nani kasema mkuyu wetu umekufa?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu zaidi ya miaka 20 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari yenu ya ukarabati wa bustani yetu hapa Iringa, yenye picha ya mkuyu na maneno “mti mkongwe uliooza”, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu alimsikiliza mtu mmoja, akamwamini, akaondoka. Sisi tunaokaa chini ya ule mti kila siku hakuna aliyetuuliza.

Mkuyu ule haujaoza. Una pango shinani, ni kweli, mtoto wa darasa la kwanza anaingia na kusimama wima ndani yake. Nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka 31, na kila mwaka nilikuwa nikiwapeleka watoto pale niwaonyeshe pango hilo hilo. Moyo wa mti ni mbao iliyokwisha kufa siku nyingi. Kinachoishi ni tabaka za nje, kuanzia chini ya gome, zinazopandisha maji na kushusha chakula. Mti unaweza kuwa mtupu katikati kama ngoma na bado ukazaa. Na huu umezaa juzi tu! Makuyu yalijaa kwenye matawi mpaka kwenye shina lenyewe, asubuhi ninga wanashindana, usiku popo. Nilikuwa nikiwaeleza watoto kuwa kila aina ya mkuyu ina nyigu wake, mdogo kuliko sisimizi, anayeingia ndani ya tunda kulichavusha. Gogo halina wageni namna hiyo.

Sasa niwaambie kinachouua. Jumatano ya wiki ile ile mliyoandika habari hiyo nilipita bustanini kama saa mbili asubuhi nikitoka sokoni, nikamkuta kijana na sururu anachimba mtaro wa mawe ya kingo, hatua nne tu kutoka shinani. Akaniamkia vizuri, “Shikamoo bibi.” Nikaitikia, lakini macho yangu yalikuwa mtaroni. Alikuwa amekata mzizi mnene kama paja langu. Utomvu ulikuwa unatoka mweupe, mzito kama maziwa, unachuruzika ukutani mwa mtaro na kuchanganyika na udongo mwekundu, na inzi walikwisha kuanza kutua. Nikamuuliza, “Mwanangu, unajua umekata nini?” Akasema, “Bibi, mimi nimepewa mita 40, zikiisha nalipwa.” Simlaumu, ana watoto wa kulisha. Nikaenda kwa waliompa hizo mita 40, sitawataja, wenyewe wanajijua. Nikakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka saa saba kasoro, nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Kesho yake, kikaoni. Siku ya tatu akanipokea, hakuniambia hata niketi, akasema mizizi iko mbali chini, pevingi, yaani vitofali vya kutandaza chini, haiigusi, “na ule mti, mama, ni gogo tu.” Mizizi inayoulisha mti haiko mbali chini! Iko juu juu, sehemu kubwa ndani ya futi mbili za mwanzo za udongo, na inatambaa mpaka kupita kivuli cha matawi. Ukishindilia kifusi kwa mashine, ukamwaga zege, ukapanga vitofali hadi kwenye gome, umeuzibia maji na hewa kwa pamoja. Hautaanguka wiki ijayo. Mwaka wa kwanza zitakauka ncha za matawi, wa pili majani yatapungua, wa tatu atakuja mtu na msumeno wa mashine aseme, “Si tuliwaambia umeoza?” Na gazeti litaandika hivyo hivyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hapa Iringa kutunza tunajua. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa mwaka 1954 liko Kalenga, ndani ya kioo, na watu huingia pale kwa adabu. Boma la Wajerumani tulilifanya makumbusho mwaka 2016. Jiwe la Gangilonga tunawapeleka wageni wakalione, na sijasikia mtu akisema livunjwe kokoto. Mfupa, tofali, jiwe. Cha kale kilicho hai ndicho hatukiwekei hata kamba. Marehemu mama mkwe wangu alisema alipoolewa, alikuta mkuyu ule una ukubwa huo huo, na babu zake waliwahi kwenda pale kutambika mvua ilipochelewa. Alikuwa akiusimulia pamoja na habari za Lugalo, Wahehe walipowapiga Wajerumani Agosti ile ya 1891, kana kwamba mti nao ulikuwa mmoja wa wazee wa wakati ule. Tuna mtaa katikati ya mji unaitwa Miyomboni. Wajukuu zangu wamezaliwa hapa hapa, na mpaka nilipowaambia hawakujua kuwa miyombo ni miti.

Na misumari! Shina lile limegeuzwa ubao wa matangazo. Nilihesabu misumari 47 upande mmoja tu, mingine imekwisha kumezwa na gome: vyumba vya kupanga, mikopo ya haraka, waganga wa kurudisha wapenzi. Kila tundu la msumari ni mlango wa wadudu na kuvu. Halafu msimu wa mvua tunaitwa kupanda miti. Lori linashusha miche, watu wanapigwa picha wameshika chepe, hotuba, soda, tunatawanyika. Mche wangu wa mwaka juzi uliliwa na mbuzi kabla ya Juni, hakuna aliyeuwekea hata miiba. Na tunapanda nini? Milingoti, yaani mikalitusi, mpaka kando ya vijito vinavyoteremkia Ruaha Mdogo, na mtu yeyote wa nyanda hizi anajua mlingoti unavyokunywa maji. Unamuua mzee wa karne nzima halafu unajisifu kwa mche wenye urefu wa kiganja.

Ninachotaka ni hiki. Vitofali vyote vilivyo ndani ya hatua kumi kutoka shinani ving'olewe, kwa mikono, si kwa mashine. Mtaro ufukiwe kwa udongo ule ule uliotoka. Juu yake yatandazwe majani makavu unene wa kiganja, yasiguse gome. Uwekwe uzio wa nguzo za muwati, usiozidi kiuno, watu waendelee kupata kivuli nje yake. Matawi makavu yanayoning'inia juu ya njia yapunguzwe na mtu anayejua kazi, sikatai, kuna watoto wanapita. Vikatwe vipandikizi sita vya tawi kabla ya mvua. Mkuyu hushika kwa urahisi, na kule Ujiji wageni wanaonyeshwa miembe inayosemekana ilitokana na ule ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake, uliokufa zamani. Lakini vipandikizi visije kuwa kisingizio cha kuukata mama yao. Na wanaohusika waandike kuomba mkuyu huu utangazwe mti wa hifadhi. Sheria ya Misitu ya 2002 imeweka utaratibu huo, haihitaji kikao cha siku tatu.

Jumamosi hii saa moja asubuhi nitakuwa pale na koleo la kung'olea misumari, debe mbili za samadi na majirani watano waliokwisha kuniahidi. Mwandishi wenu aje na kamera yake. Safari hii apige picha ya ule mzizi.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa