Vepu za bangi: mafuta huisha, betri inabaki mtaroni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu swali ambalo vijana wananiuliza mara kwa mara hapa Makoroboi, jijini Mwanza, ninapotengenezea simu: "Mzee, hizi vepu za kutupa zinadumu muda gani?" Wanamaanisha zile kalamu za umeme zenye mafuta ya bangi, zinazovutwa mvuke wake na hazijazwi upya. Mafuta yakiisha, unatupa. Anayeuliza anataka kujua hela yake itamfikisha wapi, na jibu la hapo ni fupi. Linalonikosesha raha ni kile kinachobaki baada ya hapo.

Nianze na hilo fupi. Kalamu nyingi huandikwa nusu gramu au gramu moja ya mafuta, na siku hizi zipo za gramu mbili. Gramu moja hutoa kama pafu, yaani mivuto, 200 hadi 300 kwa mtu anayevuta kifupi, na hupungua sana kwa anayevuta sekunde nyingi. Mwenye pafu kumi kwa siku atakaa nayo wiki tatu au nne. Ikizungushwa na marafiki Ijumaa jioni ufukweni, Jumapili imekwisha. Ikianikwa juani au ikisahaulika ndani ya gari, mafuta yanalainika, yanavuja hadi kwenye kidude kinachohisi pumzi na kuiwasha, na kalamu inaweza kujiwasha yenyewe mfukoni. Ikikaa miezi mingi, joto, mwanga na hewa vinabadilisha kile kilevi cha bangi kuwa kitu kingine kinacholegeza na kusinziza. Mafuta nayo yanakuwa meusi na mazito mpaka yanaziba njia. Basi, kwa upande wa mafuta ni hayo.

Betri ni habari nyingine, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Vijana wa skrepa waliwahi kuniletea moja tupu wakitaka kujua kama ndani mna shaba. Niliifungua mbele yao. Nje ni ganda jembamba la bati, chini kuna kizibo cha plastiki. Ukikisukuma kwa bisibisi ndogo, vyote vinatoka pamoja. Kinatangulia kidude cha duara, kidogo kuliko kifungo cha shati. Hiyo ndiyo sensa inayohisi mtu akivuta pumzi na kuwasha koili, ule waya unaochemsha mafuta, ndiyo maana nyingi hazina swichi. Zinafuata nyaya mbili nyembamba, kisha betri ya mviringo iliyovikwa plastiki ya kijani, imeandikwa volti 3.7, mAh 280, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Juu kabisa kuna tangi lenye koili iliyozamishwa kwenye kauri, na mabaki ya mafuta yananukia embe la kutengenezwa, nyuma yake harufu ya kitu kilichoungua. Niliweka mita kwenye betri ikasoma volti 3.5. Nikaichaji polepole kwa mashine ya mezani, ikapanda hadi 4.2 na kutulia hapo. Ilikuwa betri nzima kabisa, imetupwa.

Watu wengi hawajui kwamba hiyo ni betri ya lithiamu ya jamii ile ile ya simu zao, iliyoundwa kuchajiwa mamia ya mara. Watafiti wa University College London walichukua betri za vepu za kutupa wakazichaji na kuzimaliza tena na tena, na mwaka 2023 walichapisha kwamba zinahimili mamia ya mizunguko. Betri ya simu ya kitochi ina kama mAh 1,000, kwa hiyo kalamu nne kama ile ni zaidi ya betri moja ya simu. Kitu cha kudumu miaka kimefungiwa pamoja na kitu cha kudumu wiki tatu, halafu vyote vinatupwa siku moja. Mimi naona huo ni ufisadi wa mali, hata tukiliweka pembeni suala la bangi.

Tena mara nyingine betri ndiyo inayotangulia kuishiwa. Kwa hesabu ya fundi, mAh 280 kwa volti 3.7 inakaribia wati-saa moja. Koili ikila wati saba kwa sekunde tatu kila pafu, chaji inaisha kwenye pafu ya 170 au 180, na mafuta bado yanaonekana kwa macho. Ndiyo maana nyingine zimewekewa tundu la chaja. Zisizo na tundu, taa inapepesa mara kadhaa kisha inazima, na hapo ndipo kijana anapokuja kwangu: "Mzee, nipigie chaji kidogo tu, nimalizie." Sipigi. Ya kwanza, nyingi nilizoona ndani hazina bodi ya kulinda betri isizidi volti 4.2, na lithiamu ikizidishiwa chaji au nyaya zikigusana inaweza kuwaka moto ambao maji ya ndoo hayautulizi upesi. Ya pili, sijui kilichomo.

Kwa hili la pili niwaseme nao wazazi, bila kuwalaumu. Alikuja mama mmoja na kidude alichokikuta kwenye begi la mwanawe wa kidato cha pili. "Fundi, hii ni flashi ya nini? Kwenye kompyuta haiingii." Nikamwambia, "Mayu, hii si flashi. Inavutwa." Alikaa kwenye benchi muda mrefu. Bangi ya majani kila mzazi anaijua kwa harufu. Hii haina moshi wa kukaa kwenye pazia, inanukia kama lipu bamu, na maboksi yake yenye maandishi ya kuvutia huuzwa matupu mtandaoni kwa yeyote anayetaka kujaza anachotaka. Nchini Kanada, ambako bangi iliruhusiwa tangu tarehe 17 Oktoba 2018, sheria inalazimisha boksi kuonyesha tarehe ya kufungashwa na kiasi cha kilevi. Kwetu ni haramu, kwa hiyo hakuna anayepima wala kukagua, na tarehe iliyochapwa kwenye boksi ni mapambo tu.

Mwaka 2019 Marekani walipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu kwa watumiaji wa vepu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na waliofariki walithibitishwa 68. Uchunguzi ulielekeza kidole kwa nguvu kwenye mafuta ya bangi ya kununua kwa watu wa mtaani na marafiki, hasa yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E ili yaonekane mazito. Mtu alianza kwa kikohozi, kubanwa kifua, pumzi kukata, wengine kutapika na homa. Mzazi akiona hayo kwa kijana na kidude kama hicho begini, aende hospitali na amwambie daktari ukweli wote. Viboko vingoje.

Sasa narudi kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Chupa ya soda mtu huitupa mchana kweupe, na kijana wa skrepa huiokota. Vepu ya bangi hutupwa kwa kificho, kwa sababu aliyenayo anaogopa kukamatwa na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamhusu. Haipeleki nyumbani, haiweki kwenye pipa la kibanda cha jirani. Inaingia kwenye mtaro, kwenye choo cha shimo, chini ya daraja. Na mtaro wa mjini hapa kila mtu anajua unakoelekea: Mto Mirongo, na Mirongo unaingia Ziwa Victoria. Mvua zikianza, nenda kasimame pale mto unapokutana na ziwa uone kinachoteremka. Maji ya bomba ya jiji hili yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, Capri Point na Butimba. Dagaa tunaokula usiku huu wamevuliwa humo.

Betri hiyo ikipasuka ganda, ndani mna nikeli na kobalti, na chumvi yenye florini ambayo ikikutana na maji hutoa asidi kali. Sisemi ziwa limeshakuwa sumu kwa sababu ya vepu. Nasema tunaweza kuzuia jambo likiwa bado dogo. Na zinazoepuka mto zinaishia kwenye taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, ambako betri ya lithiamu hulipuka na kurusha cheche usoni kwa mtoto aliyeshika fimbo ya kuchochea.

Uingereza walipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa tarehe 1 Juni 2025. Sisi tuliweza mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mitaro ilipata nafuu. Lakini kwa vepu za bangi marufuku tunayo tayari, na ndiyo inayofanya ganda litupwe gizani. Siombi sheria ilegezwe. Naomba pawepo mahali pa kutupia pasipo na maswali.

Mapendekezo yangu ni haya. Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela zitupatie mafundi simu vyombo vya kukusanyia betri ndogo zote, za simu, za tochi za kichwani, za taa za wavuvi wa dagaa, za vepu, na gari lipite kuvichukua kwa ratiba inayojulikana. Kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021 tunazo. Meza zetu ndizo zilizo karibu na wananchi kuliko ofisi yoyote. Mchanga mkavu kwenye ndoo, vipande vya selotepu kuziba ncha za betri zisigusane, mfuniko usiobana sana. Si gharama kubwa, na mafundi wengi tunajua kufanya hivyo bila kufundishwa.

Na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya itueleze jambo moja kwa maandishi: fundi akipokea ganda tupu la vepu lenye mabaki ya mafuta kwa ajili ya kulipeleka kwenye taka salama, je, amefanya kosa? Nimewauliza mafundi wenzangu, kila mmoja ana jibu lake, na wengi wanaogopa hata kuligusa. Barua hiyo ikitoka leo, ndoo naiweka chini ya meza yangu kesho asubuhi.

Fundi simu,
Makoroboi, Mwanza