Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni Zanzibar: tuzirekodi sauti za Mto Mwera

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Mwezi uliopita nilikaa barazani na bibi yangu, nikamuuliza walikuwa wakivuka vipi Mto Mwera wakati wa masika. Hakunijibu kwa maneno. Aliuigiza mto: kwanza kwa sauti nyembamba, maji yakipita juu ya mawe, kisha akaishusha kooni ikawa nzito. "Ukiusikia hivi usiku," akasema, "asubuhi havuki mtu, na ng'ombe muache zizini." Simu yangu ilikuwa inarekodi. Ninazo dakika 11 za sauti yake. Nimejaribu kuziandika, nikashindwa; kwenye karatasi mto haupo.

Mto wa Mtoni umepata bahati. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said wa Zanzibar, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake, na mto huo umo ndani yake; zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab na mtoto wa shamba, hakupata skuli, lakini mwaka 1928 alikwenda Bombay, sauti yake ikaingia kwenye santuri na hadi leo tunamsikia. Wanawake waliofua, waliochota maji na kulima mpunga kandokando ya Mto Mwera hawakupata kitabu wala santuri. Yao yamo vifuani mwao, na kila tukirudi mazikoni yamepungua.

Na mto wenyewe una mambo, Mheshimiwa. Haufiki baharini tukauona; ukiingia kwenye uwanda wa mawe humezwa na ardhi. Mtaalamu atasema mawe ya matumbawe yana matundu na mapango, na ni kweli. Wazee wangu nao wana yao kuhusu unakokwenda, na mengine huyasema kwa kunong'ona. Mnong'ono huo nao ni sehemu ya habari.

Ombi langu ni kwamba Wizara yako ianze kazi hii kabla ya masika yajayo. Si kazi ya fedha nyingi. Vijana wa shehia wafundishwe kurekodi vizuri, na wao ndio wawaulize wazee, kwa sababu bibi hatamwigizia mto mtu asiyemjua. Lafudhi isisafishwe: akisema kishamba, ibaki hivyo hivyo. Na kabla ya kuwasha chombo mzee aombwe ruhusa, aambiwe sauti yake itakwenda wapi. Anachotaka kisitoke nje ya kijiji, kisitoke.

Hili la ruhusa nalisema kwa uchungu. Zamani, nikiwa mdogo, walikuja watu na kinasa sauti, wakakaa na wazee wetu siku nzima. Wakaaga, wakaondoka, na hatukupata kusikia hata neno moja la tulichowapa. Babu yangu alikuwa miongoni mwa wazee hao. Ameshafariki, na sijui kanda ile iko wapi.

Kwa hiyo nakala moja iwekwe kwenye hifadhi ya nyaraka za Zanzibar, Kilimani, nyengine ibaki skuli ya kijiji, mtoto aweze kumsikiliza bibi yake. Redio ya ZBC ikitupa robo saa kwa wiki, tutashukuru.

Dakika zangu 11 zipo tayari, na bibi ameridhia. Nitazileta siku yoyote nitakayoitwa, naye ameniambia nimchukue.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Mwera, Unguja